Ekran Iliyolala Wakati wa Salamu

Tak! Halafu mlio mwembamba, kama mbu aliyekata tamaa. Hiyo ndiyo sauti ya ekran ya kompyuta yetu, kule Baraka, ikilala, na bado ninaisikia vizuri. Vita vilikuwa vinaendelea, kwa hiyo kila "tak" iliwageuza watu wote kuangalia mlango. Mimi niliangalia ekran. Tulikuwa tunajuana.

Nilipiga maandishi kwenye bureau, ofisi ndogo ya parokia. Nilisoma mpaka pale shule iliposimama, na nilikuwa nimepanga siku moja nisome habari kwenye televisheni. Kwa kungojea hiyo siku, niliandikia watu matangazo. Esansi, petroli ya jenereta, ilifika kwa boti, au haikufika, ndiyo maana chef, mkubwa wa bureau, alipanga ekran ilale yenyewe mtu akiacha kuigusa dakika mbili. Alijivunia sana jambo hilo.

Shida ilikuwa kuamka. Ilirudi na mistari ya waridi na kijani, herufi zimetawanyika kama samaki ndagala waliomwagika. Tulikaza waya, hapana. Tuliazima ekran ya dispensari, nayo ikaamka na mistari ileile. Hapo chef akafungua sanduku la kompyuta, akatazama ile carte ya ndani inayochora picha, akaipuliza vumbi.

"Ni ya zamani. Ikiamuka, inasahau fasi ilikuwa."

"Kama mukubwa mumoja wa hapa," nikasema polepole.

"Nimesikia."

Dawa yake ilikuwa kuzima na kuwasha tena. Kuwasha kulichukua muda wa kupika bugali, na maneno ambayo hukuyahifadhi yalipotea moja kwa moja.

Asubuhi moja akaja mama mmoja wa kijiji cha Swima. Siku walipokimbia risasi, binti yake alipandishwa boti ya watu wengine, akavuka upande wa Tanzania. Mama alitaka tangazo la kubandikwa kambini kule, na boti ya kulipeleka ilikuwa inapakia. Akasema, nikaandika: ana kovu kwenye goti, akiogopa anaimba, mwambieni mama yake ni mzima.

Hapo akaingia koko mmoja, mzee jirani yetu. Kwetu mkubwa akiingia unasimama, unampa mikono yote miwili. Huwezi kumpa mmoja huku mwingine umebaki kwenye souris, kile kipanya cha kompyuta. Habari ingefika nyumbani kabla yako.

"Jambo, koko."

"Jambo sana. Mulilala?"

"Tulilala."

"Risasi hazikubasumbua?"

"Kidogo tu."

"Na mama yako, mugongo? Na mbuzi yenu, ilizaa?"

Tak!

"Imekufa," akasema koko. "Pole. Ilizaa ngapi?"

Nikagusa souris. Mistari. Na sikuwa nimehifadhi hata neno moja. Ufukweni mota ya boti ikaanza kukohoa.

"Zima," akasema chef.

Mama wa Swima akasogea, akaweka kidole juu ya ile waridi. "Mutoto wangu iko mule ndani?"

"Iko," nikasema. Sikuwa na hakika. Lakini niliwaza: kama ni picha tu iliyosahau, maneno yako palepale. Na kwa kuchezacheza nilikuwa nimeona dirisha moja jeusi la kuandikia amri, linalojaza ekran nzima. Likifungwa, carte inalazimika kuchora kila kitu upya. Nikalifungua kwa vibonye, bila kuona kitu. Ekran ikawa nyeusi, safi. Nikalifunga. Maneno yakarudi yote, pamoja na makosa yangu.

Nikachapisha, mama akachukua karatasi ikiwa bado ya moto, akakimbia bila kuaga.

"Huyu hana adabu," akasema koko.

"Iko na boti," akasema chef.

Alirudi akihema, mikono mitupu. "Balibeba karatasi." Halafu akatuaga sote, kwa mikono miwili, mmoja mmoja.

Walipoondoka wote, jenereta ingali ikinguruma, nikafungua pale chef alipoandika dakika mbili. Nikateremka hadi neno la mwisho, *jamais*, isilale kamwe, nikabonyeza.