Mashine Iliyoguna Suma

Nakumbuka, mwanangu, siku ukungu uliposhuka kijijini Suma mchana kweupe, mzito hata migomba ya jirani huioni, na ndani ya ukungu ule kitu kikawa kinaguna. Hakikuguna kama ng'ombe wala kama gari. Kilitoa sauti moja, nene, bila kuvuta pumzi, kikanyamaza, kisha kikaguna tena. Nilikuwa msichana, nimembebea baba yangu mfuko wa vifaa, na sauti ile niliisikia kwa nyayo kabla sijaisikia kwa masikio. Niliogopa, sikufichi.

Baba alikuwa fundi wa kusuka mota pale Tukuyu mjini. Mota ya mtu ikiungua, aliifumua waya zake za shaba na kuisuka upya, na mimi nilijifunza kazi hiyo mkononi mwake. Watu walicheka kuona mtoto wa kike ameshika koleo. Wacheke tu, nimekula kwa koleo hilo mpaka leo. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, na mtu aliyeleta mashine yake mwenyewe ya kusaga, ya umeme, alitembea kijijini kama mfalme mdogo. Mfalme wa Suma alikuwa Gwamaka. Kilichokuwa kinaguna ni mashine yake, nasi tuliitwa kuitengeneza.

Nje ya banda la mashine tulikuta watu wamejaa. Katikati yao, juu ya furushi la nguo, alikaa Bibi Subilaga, mjane ambaye migomba yake ilipakana na banda lile. Baba alimwamkia kwa heshima, "Ugonile, juba," kama tunavyowaamkia mama zetu. Bibi hakuitika. Mzee mmoja akatunong'oneza kwamba bibi anahamishwa. Kwetu, tangu zamani, mtu akishukiwa uchawi hufungashiwa vitu vyake akatafute kijiji kingine. Mume wa bibi yule alizikwa uani kwake, na mwanawe alilala pembeni ya baba yake. Kabla ya jua kuzama angewaacha wote wawili.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Radi ilipiga, na tangu hapo mashine ikiwashwa haikuzunguka, iliguna na kutetemeka tu. Gwamaka alitazama balbu ya bandani, akaona inawaka, akajua umeme upo. Akauvua mkanda unaounganisha mota na kinu, akaiwasha mota peke yake, ikaguna vilevile. Ndipo Bibi Subilaga akaingia na kikapu chake cha mahindi. Akateleza kwenye unga, na katika kujishikilia fimbo yake ikasukuma gurudumu la mota. Gurudumu likaondoka! Likazunguka kwa kasi, tena kinyume na lilivyozoea, na watu wakakimbia wameacha ndala zao. Waliporudi walikuwa wameshamhukumu. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja.

Lakini mwanangu, sikiliza na lililofichwa chini ya hilo. Wazee wetu waliamini kwamba majirani wakimnung'unikia mtu kwa pamoja, pumzi yao humfikia na kumtia baridi mpaka augue. Gwamaka aliizindua mashine yake bila kuwaita majirani, bila hata kuchinja kuku. Alipoisikia ikiguna, alijua moyoni ni akina nani wanaonung'unika na kwa nini. Hofu ikamshika. Mtu mwenye hofu hutafuta mgongo wa kuubebesha, na mgongo dhaifu kuliko yote ulikuwa wa mjane asiye na mtoto wa kumtetea.

Baba hakucheka wala hakukemea. Aliomba mashine iwashwe, akasikiliza, akanusa. "Zima," akasema. "Ikiendelea kuguna namna hii itaungua." Kisha akaketi kizingitini, akatoa mfukoni msumari, kipande cha waya na betri za tochi. Akauzungushia msumari waya, mzunguko juu ya mzunguko, akaunganisha ncha za waya kwenye betri. Akausogeza msumari kwenye kopo la pini nililolibeba pamoja na vifaa. Pini zikaruka zenyewe, zikaning'inia kama popo. Akaachia waya, pini zikaanguka.

"Chuma hiki kimekuwa sumaku kwa sababu umeme unapita kwenye waya," akasema. "Umeme ukikoma, sumaku inakufa. Nikizidisha mizunguko, nguvu inazidi." Akaweka kiganja chake kati ya msumari na pini moja, akaunganisha tena. Pini ilitikisika, ikageuka chini ya mkono wake. Ile nguvu ilipita kwenye nyama na mifupa ya baba yangu kana kwamba hayupo. Mama mmoja akajifunika kanga usoni. Mimi nilikuwa nimeyaona hayo mara nyingi nyumbani, na bado pale, kwenye ukungu ule, nilirudi hatua moja nyuma.

Baba akawaambia mota ni sumaku za namna hiyohiyo, zimepangwa kwa duara. Umeme huja kwa waya tatu, nazo hupokezana kama wanawake watatu kwenye kinu kimoja: huyu akiinua, yule anashusha, na yule anafuata. Kwa kupokezana huko usumaku huzunguka duara nzima bila kitu chochote kuonekana kikisogea. Chuma cha katikati, ambacho hakiguswi na waya hata mmoja, huamka kikawa sumaku nacho, kikaufuata. "Sasa waya mmoja ukifa," akasema, "usumaku hauzunguki tena. Unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, palepale. Chuma cha katikati hakijui kigeukie wapi. Kinatetemeka, kinaguna, kinangoja. Atakayekisukuma kulia, kitakwenda kulia. Atakayekisukuma kushoto, kitakwenda kushoto. Hakimjui aliyekisukuma."

Akazungushia gurudumu kamba, akaamuru mota iwashwe. Ikaanza kuguna. "Nani atavuta?"

Hakuna aliyejitokeza. Nilitaka kwenda mimi, nikajikuta nimeukumbatia mfuko wa vifaa. Kujua na kuogopa, mwanangu, hukaa nyumba moja na hulala kitanda kimoja. Baba akamtazama Gwamaka. "Njoo, mwenye mali."

Gwamaka akasogea, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Akavuta. Mota ikanguruma ikazunguka kulia. Ikazimwa, ikatulia, kamba ikazungushwa upande wa pili, akavuta tena. Ikazunguka kushoto, kama ilivyofanya kwa bibi. Baba akaizima, akawageukia watu.

"Haya. Gwamaka naye tumfungashie?"

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Gwamaka alibaki ameshika kamba, anaitazama kana kwamba ni nyoka. Baba akafungua kisanduku cha ukutani, akachukua testa, akapima fyuzi moja moja. Mbili zilikuwa nzima, na moja ya hizo ndiyo iliyowasha balbu. Ya tatu ilikuwa imekatika. Akaibadilisha. Mashine ikaondoka yenyewe bila kuguna, na mtu wa kwanza akaingiza mahindi yake. Watu wakaanza kucheka na kuongea kwa sauti kubwa, kama wanavyofanya wakitaka jambo lisahaulike.

Gwamaka akalibeba furushi la bibi kumrudishia nyumbani. "Tusamehe, juba," akasema. "Tumeshaona haukuwa uchawi."

Bibi Subilaga akainuka polepole. Ilikuwa mara ya kwanza anafungua kinywa. "Tata," akamwambia, kwa neno letu la kumheshimu mwanamume, "mashine mmeipima. Mimi hamkunipima."

Akalichukua furushi lake, akarudi kwake mwenyewe.

Usidhani mambo yaliishia hapo kwa heri. Baba alibadilisha fyuzi, macho ya watu hakuweza kuyabadilisha. Ng'ombe akiugua, waliangalia upande wa nyumba ya bibi. Umeme ukikatika, waliangalia kulekule. Mvua zilipokwisha, asubuhi moja nyumba yake ilikutwa imefagiwa, mlango umerudishiwa, na makaburi mawili ya uani yamepaliwa majani. Alikwenda kijiji cha Masoko kwa mtoto wa dada yake. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemsikia akipita. Najisikia vibaya mpaka leo nikikumbuka majani yale yaliyong'olewa.

Basi shika hili, mwanangu, wewe unayetaka kujifunza umeme. Ukikuta kitu kinaguna, zima kwanza, kisha fungua kisanduku, pima kila waya, wala usidanganywe na balbu inayowaka. Ukikuta watu wananuna na kunong'ona, fanya vivyo hivyo: kabla hujamnyooshea mtu kidole, kapime hofu yako mwenyewe, maana kundi la watu wenye hofu nalo linangoja tu wa kulisukuma, na halijali ni upande gani. Na ukipima, pima mapema. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona, bali neno likishamtoka mtu halina fundi.

Mungu wa baba zetu aiongoze mikono yako, akupe sikio la kusikiliza na pua ya kunusa kinachoungua kabla hakijaungua. Na pale watu watakapomkalisha mnyonge juu ya furushi lake, akujalie uwe umeshafika.