Sahani ya Mama Mkwe kwenye Tamasha la Tunduma

Nilikwenda Tunduma kula. Nasema hivyo bila aibu, maana ndivyo nilivyotumwa. Mke wangu Lea alikuwa na mpango wa kufungua kibanda cha chakula gulioni kwetu Ruanda, wilayani Mbozi, na aliposikia kwamba Tunduma kutakuwa na tamasha la vyakula uwanjani, siku nzima, alitaka kwenda mwenyewe aone watu wanapenda nini. Lakini mtoto wetu mdogo alishikwa na tetekuwanga, mwili mzima vipele. Basi Lea akanigeukia mimi.

"Nenda wewe, Baba Neema. Onja kila kitu, uje unieleze. Na usije ukaniambia tu 'kitamu'. Nataka kujua kina nini ndani."

Saa moja asubuhi nilikuwa juu ya bodaboda, nimevaa koti na kofia ya sufu. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, na huku Mbozi mwezi wa saba baridi haina utani. Kahawa yetu ilikuwa bado imefunikwa kwenye vichanja. Barabara kuu nikapata kosta, nikakaa dirishani, vidole vikianza kupata uhai tulipopita Vwawa.

Kabla ya Mpemba tulikuta foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Wengi wenu mnaijua foleni hiyo. Mimi nimeiona mara nyingi, ila siku hiyo, kwa kuwa nilitumwa chakula, niliona vingine. Kando ya matairi madereva walikuwa wanapika. Mmoja alikuwa anakata nyanya juu ya kiganja, taratibu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Mwingine alifunua sufuria, akaonja mchuzi, akatikisa kichwa, akaongeza kitu. Nikawaza kwamba mtu anaweza kukaa barabarani siku nne na bado asikubali kula ovyo.

Saa tatu na nusu niliingia uwanjani. Maturubai yalikuwa yamepangwa kuzunguka uwanja wa mpira, moshi wa mkaa umetanda hadi magolini, na mtangazaji mwenye kipaza sauti akichanganya Kiswahili, Kibemba na Kiingereza katika sentensi moja. "Mwaiseni, karibuni, karibuni sana!" Watu walikuwa wamevuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, na familia zao.

Nilianzia kwa mama mmoja wa Kamsamba aliyekuwa na wali na kambale wa kukausha. Nilimuuliza mchuzi una nini, kambale amekaushwa siku ngapi, wali ameutia mafuta saa gani.

"Kaka, wewe ni mteja au mpelelezi?" aliniuliza.

"Nimetumwa na mke wangu."

"Basi mwambie mkeo wali wa Kamsamba hauhitaji mbwembwe. Maji, chumvi, na usiufunuefunue."

Kutoka hapo nilikwenda kwenye vinkubala, wale viwavi waliokaushwa ambao ndugu zetu wa Zambia wanawapenda. Wa kwanza nilimtafuna nimefumba macho. Wa tatu nilikuwa nimeyafumbua. Wana ladha ya dagaa waliokaangwa hadi wakakauka, wenye harufu ya majani kwa mbali.

Ilikaribia saa sita nilipofika kwenye foleni ndefu kuliko zote. Ilikuwa ya chikanda. Kwa asiyeijua: huchimbwa viazi vidogo vya mmea wa mwituni, vikakaushwa na kusagwa, unga wake ukapikwa na unga wa karanga na pilipili hadi ugande. Kisha hufunikwa, mkaa ukawekwa juu na chini, na mwisho hukatwa vipande kama keki. Nilisimama nyuma ya dereva wa lori mwenye fulana ya kijani. Tulikuwa tumebakiza watu sita hivi ndipo nikasikia sauti ya mpishi ikimwambia mteja asubiri, kipande cha pembeni kimeungua.

Sauti ile naijua. Ilikuwa ya mama mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze. Mama mkwe alizaliwa ng'ambo ya mpaka, akaolewa Tunduma. Katika ukoo wao mwanamume aliyeoa kwao hali chakula cha mama mkwe mpaka aonyeshwe moto. Siku hiyo mama huja na wanawake wenzake, vyungu kichwani, wakiimba. Huwasha moto mbele ya mkwe, hufunua vyungu kimoja kimoja, na kuanzia hapo mkwe anakuwa mtoto wa nyumbani. Kabla ya hapo hali kwake, hamtazami usoni, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu wa tatu.

Mume wa Elina, dada yake Lea, alionyeshwa moto mwezi uleule wa harusi. Mimi sikuonyeshwa. Lea alipata mimba ya Neema akiwa chuo cha ualimu, na baba yake, aliyeuza ng'ombe ili amsomeshe, alisema moto wa nyumba yake sitauona yeye akiwa hai. Simlaumu. Hasira yake niliielewa vizuri zaidi nilipopata binti mimi mwenyewe. Alifariki miaka miwili iliyopita, na tangu hapo mimi na Lea tulisubiri kuitwa. Hatukuitwa. Miaka tisa ya ndoa, tukienda kusalimia, Lea hula ndani na mama yake, mimi hunywa soda barazani, kisha nakwenda kula stendi.

Kwa hiyo nilitoka kwenye foleni. Nilikwenda kukaa kwenye benchi nyuma ya turubai la jirani, nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Sikuwa najua kwamba ana kibanda pale. Sikukaa dakika tano, Elina akanisimamia mbele, mikono imejaa unga.

"Shemeji, unakimbia nini?"

"Sikimbii."

"Mama amekuona tangu ulipokuwa unakula wadudu kule."

Nilicheka kwa aibu. "Amesemaje?"

"Amesema umekonda." Elina akafuta mikono kwenye kitenge, akakaa pembeni yangu. "Anasema usogee. Moto upo, chakula kipo. Anataka akuonyeshe leo."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Hapahapa. Anasema marehemu alimfunga mdomo, na huu ni mwaka wa pili anamsubiri Lea aseme neno, Lea hasemi."

"Lakini sisi tulikuwa tunamsubiri yeye."

Elina alinitazama, akavuta pumzi. "Ndiyo hivyo," akasema.

Nilimpigia Lea. Nilisikia mtoto akilia nyuma yake nilipokuwa namweleza.

"Usile," akasema.

"Lea, ni mama yako..."

"Najua ni mama yangu. Elina alifanyiwa nyumbani, mama akatembea na chungu kichwani mtaa mzima ukiona. Mimi nifanyiwe kando ya barabara kama dereva wa lori? Miaka tisa nakula kwa mama peke yangu na tonge halishuki, nikijua wewe uko stendi. Kama ni moto, aje auwashe kwangu nione." Akakata simu.

Nilimweleza Elina, nikaruka ile ya dereva wa lori.

"Na kingine?" Elina aliuliza. "Namjua mdogo wangu. Lazima amesema kingine."

Ikabidi niseme chote. Elina akainuka, akarudi kibandani. Kwa mbali, pembeni ya turubai, nilimwona akimwinamia mama yake sikioni. Kisu cha mama mkwe kilisimama katikati ya chikanda. Sijawahi kuona mtu akisimama vile, mkono juu ya kazi na kazi haiendi. Niliogopa. Nilijua kwamba akiumia leo, hatutapata siku nyingine.

"Bamayo, mama yangu, kipande changu," alisema yule dereva wa fulana ya kijani, aliyekuwa amefika mbele.

Alimkatia, akamfungia kwenye karatasi. Kisha akachukua mfuniko, akaifunika sufuria. Akasema kwa sauti ya kunifikia mimi, ingawa alikuwa ameelekea sufuria zake:

"Elina, waambie watu chakula kimekwisha."

Foleni ikaguna. "Kimekwisha vipi na tunakiona?" dereva aliuliza.

"Hiki kina mwenyewe."

Dereva alimtazama, akazitazama sufuria tatu zinazofungwa kwa vitenge, akatazama kipande alichopata. "Basi huyo mwenyewe ana bahati," akasema, akaondoka akitafuna.

Saa nane tulipanda kosta kwenda kwa Lea. Mama mkwe na Elina walikaa mbele na sufuria mbili. Mimi nilikaa kiti cha mwisho kabisa, kama inavyopasa, na sufuria ya chikanda magotini, joto lake likipita kwenye suruali. Abiria wa jirani alinusa, akauliza kama nauza. Nikamwambia siuzi.

Njia nzima nilikuwa naona kisogo cha mama mkwe, kilemba cha buluu, kikitikisika gari likipiga breki nyuma ya malori. Miaka yote ile nilikuwa nimejihesabu mimi ndiye niliyenyimwa. Nilijihurumia, na pengine nilijipenda katika kule kujihurumia. Sikuwahi kumfikiria mwanamke ambaye watu huvuka mpaka ili wale chakula chake, na aliye na mtu mmoja ambaye hakuweza kumpakulia. Alikuwa akiniona natoka barazani kwake na njaa, na hana la kufanya. Tamasha lile lilinifunza mengi kuhusu karanga na moto wa mkaa, lakini hili nililifahamu ndani ya kosta, nikitazama kisogo cha mtu.

Saa kumi tulishuka Ruanda. Nilikodi bodaboda tatu. Tulipofika kwenye kona ya kanisa, mama mkwe akamgusa dereva wake bega, akashuka. Ana mguu unaomsumbua, kila mtu anajua. Akaomba kitambaa, akakiviringisha kata, akajitwika sufuria. Elina akajitwika ya pili. Mimi nilishika ile ya chikanda nikabaki nyuma mbali. Elina akaanza wimbo kwa sauti ya chini, kama anayeujaribu. Wanawake waliokuwa wanachagua kahawa kwenye vichanja wakainua vichwa. Hawakuujua wimbo, ila waliijua maana ya mama mtu mzima anayetembea na sufuria kichwani kwenda kwa bintiye. Mmoja akapiga kigelegele. Tulipoikaribia nyumba yangu waliotufuata walikuwa zaidi ya kumi.

Lea alikuwa mlangoni, mtoto begani, uso wa mtoto umepakwa dawa nyeupe.

"Mama, umekuja kwa miguu?"

"Kutoka pale kanisani tu."

"Na mguu wako?"

"Mguu ni wangu."

Lea alimkabidhi jirani mtoto, akapiga magoti vumbini, akaipokea sufuria kwa mikono miwili. Walibaki hivyo kitambo, wote wameishika, hakuna aliyeiachia.

Moto uliwashwa jikoni kwa Lea, kwa magunzi ya mahindi. Niliketishwa kwenye kigoda, Neema pembeni yangu. Elina ndiye aliyesema kwa niaba ya mama yake: "Baba Neema, huu ndio moto wa kwetu." Akafunua. "Hizi ni mboga za karanga. Huyu ni kuku. Na hii ni chikanda, hakuna anayeipika hivi upande wowote wa mpaka."

Nilikula. Chikanda ile ilikuwa ngumu kidogo nje na laini ndani, karanga zikitangulia, moshi ukifuata, na pilipili ikija mwishoni ukishadhani hamna. Mama mkwe alikaa ukutani akitazama moto. Kisha akageuka, akanitazama usoni, na mimi nikamtazama. Ana macho ya Neema, sikuwa nalijua hilo.

"Chumvi imetosha, mwanangu?"

Nilimtafuta Elina anipitishie jibu, kwa mazoea. Elina alikuwa ametoka nje.

"Imetosha, mama," nilisema.

Hakuniamini. Alinyoosha mkono, akamega kipande kwenye sahani yangu, akaonja mwenyewe.