Nafasi ya Kumi

Mdogo wangu alipokufa, mashini yake iliendelea kuwaka chumbani kwake. Hatukuiacha hivyo kwa heshima. Ndani yake mlikuwa na kazi ya watu wengine, na hatukuwa na haki ya kuizima.

Alikuwa ameanzisha kikundi cha vijana wanaoandika programu. Ile kubwa ni ya wenye depo za maharage kati ya Goma na Kiwanja: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kazi hiyo hawakuiweka kwa kampuni ya mbali kwenye mtandao, maana koneksio yetu inakatika inapotaka. Waliiweka nyumbani kwetu, katika kompyuta isiyo na kioo, iliyo juu ya meza na batri chini yake. Mimi sikumaliza sekondari. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nyumbani mchana, basi alinifundisha kuitunza, na hospitalini akaniachia neno la siri la msimamizi.

Habari za ufunguo wa leseni alinieleza siku moja tukichambua mchele. Nilidhani ni kifaa cha kuchomeka mahali. Alicheka sana. Ni faili fupi ya herufi zisizosomeka, akasema. Waliotengeneza jukwaa hili tunalowekea kazi wanakutumia ukishanunua. Ndani yake mna jina la mwenyewe, siku ya kwisha, na idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia. Halafu kuna muhuri wao. Mashini inautambua yenyewe bila kuuliza mtu wa nje, hata koneksio ikiwa imekufa wiki nzima. Ukigusa herufi moja, muhuri haulingani tena na ufunguo unakataliwa. Siku ikipita, unaweza kusoma kazi yako lakini huwezi kuiongeza.

Wetu ulikuwa wa watu kumi.

Matanga yakaisha, tukagawa nguo zake. Jaketi ilimwendea rafiki yake, ambaye sasa ndiye anaongoza kikundi. Rafiki huyo akamleta msichana wa Kiwanja ashike kazi ya maharage. Mashini ikamkataa.

“Yaya, inasema fasi imejaa,” rafiki aliniambia. Yaya ni dada mkubwa. Wote waliniita hivyo kwa kumfuata marehemu.

“Nunueni zingine.”

“Na benki zimefungwa? Kadi hailipi kitu.”

Mmoja wao alikuwa amejaribu kubadilisha herufi ndani ya ufunguo ili watu waongezeke. Wenzake wakamcheka: “Ulizani ni bariere ya askari barabarani? Hii haipokei sigara ili ikupitishe!”

Rafiki hakucheka. “Yaya, marehemu bado anahesabiwa.”

Nilijua. Kila nilipoingia kukagua kwa simu yangu, picha yake ilikuwa pale katika orodha. Nikauliza, tukimtoa, kazi yake inaenda wapi? Hakunificha. Tukimfuta, maelezo yake yote yanahamia kwa mtu asiye na jina ambaye mashini imejitungia. Tukimfungia tu, hataweza kuingia tena na hatahesabiwa, lakini jina litabaki. Niliona ni kama kumfungia mlango wa nyumba yake. Nikasema wangoje kwanza.

Wakangoja, wakachoka.

Asubuhi moja nilipofuta vumbi, nikafungua ukurasa kuona kama kila kitu kinakwenda. Jina lake lilikuwa juu kabisa, na picha yake, na maneno kwamba amebadilisha kazi dakika mbili zilizopita. Nikakaa kitandani kwake. Najua ni ujinga, lakini nilisikiliza kama ataita kutoka sebuleni, aombe chai.

Sebuleni alikuwepo msichana wa Kiwanja. Rafiki alilijua neno la siri la marehemu, akampa aingie nalo.

“Nisamehe, Yaya,” msichana alisema, akasimama. “Waliniambia nitumie hiyo kwanza.”

“Kazi umefanya weye?”

“Ni mimi.”

“Mbona iko jina la mutu mwingine?”

Alimgeukia rafiki, aliyekuwa amekaa kando yake. Wala si yeye niliyemkasirikia. Rafiki alikuwa anaangalia mikono ya jaketi ya marehemu aliyoivaa. Nilikuwa nimechoka, kumlinda mtu asiyekuja tena ni kazi isiyo na mapumziko. Na sasa nilichokuwa nalinda kimekuwa uongo, wa kumfanya marehemu afanye kazi na wa kumfanya huyu aliye hai asionekane.

“Njoo,” nikamwambia.

Akakaa karibu yangu. Nikaingia kama msimamizi, nikatafuta jina la mdogo wangu, nikachagua kumfungia. Mashini ikauliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika. Nikabonyeza. Tukawa tisa. Nikaandika jina la msichana, tukawa kumi tena, na mashini ikampokea bila neno.

Alianza pale pale. Baada ya muda akaniita nione kitu. Kando ya mistari ya programu inayopima maharage, mdogo wangu alikuwa ameacha maelezo, na jina lake bado liko juu yake: Kopo la Kiwanja si kopo la Goma. Usiguse hapa mpaka uulize mutu wa kule.

“Yaya, mimi ni mutu wa kule,” msichana alisema. “Na hesabu yake imekosea kidogo. Niguse?”

Niliyasoma mara nyingine maneno yale.

“Gusa,” nikasema, nikaenda kuangalia batri.