Nyumba ya Mama Mkwe, Ikoni

Nilizaliwa Mutsamudu, kisiwani Nzwani, mji wenye vichochoro vyembamba kiasi kwamba mtu akipita na kitanda, wengine wote hurudi nyuma wakinung'unika. Juu yetu ilikaa ngome yenye mizinga ya kale, na chini ulipita mto ambako dada zangu walifua nguo na kuusengenya mji mzima. Nilipooa nilihamia Ikoni, kusini kidogo ya Moroni, kisiwani Ngazija, ambako hakuna mto hata wa kuchovya kidole. Maji ni ya mvua, yanahifadhiwa kwenye birika, tangi la mawe la nyumbani. Mawe ni meusi, ya volkano, na jua likipanda hayakanyagiki.

Nasema nilihamia kwa sababu kwetu anayehama ni mwanamume. Katika visiwa vyote viwili nyumba ni ya mwanamke: baba humjengea binti yake, na mume huingia na sanduku lake la nguo. Hayo niliyajua tangu utotoni. Lakini siku nilipoupaka mlango rangi ya kijani kwa mikono yangu mwenyewe, jasho linanitiririka, jirani alipita akasema, "Mlango wa Mama umependeza!" Mama ni mama mkwe wangu, maana mtaa mzima ulimwita hivyo. Roho iliniuma, nisiseme uongo.

Mama mkwe alikuwa mfupi, mkali wa ulimi, uso wake haukukosa liwa, ule msindano wa msandali wa kujipodoa. Kando ya mji kuna jabali linaloitazama bahari, naye alipenda kunionyesha pale tukinywa chai barazani. Zamani, alisema, maharamia walikuja kutoka Bukini, kile kisiwa kikubwa cha ng'ambo, kuteka watu, na wanawake wa Ikoni wakaona heri wajitupe kutoka juu kuliko kuchukuliwa. Nami nikajigamba kwamba Mutsamudu tuliijenga ngome yetu kwa ajili ya maharamia hao hao.

"Nyinyi mlikuwa na mizinga," alinijibu. "Sisi tulikuwa na mama zetu."

Nikamalizia chai yangu.

Kisha Nzwani ikatangaza kujitenga na visiwa vingine. Ofisini kwangu Moroni wenzangu waliacha kunisalimia, halafu wakaacha hata kuitikia salamu yangu. Mazungumzo ya wakubwa yalipokwama, vijana waliingia mitaani kuwasaka watu wa Nzwani wawafukuze kisiwani. Lafudhi yangu haifichiki; nikitamka maneno mawili tu nimejulikana. Siku hiyo nilirudi Ikoni kwa teksi nimefumba mdomo na kushika shavu njia nzima, dereva akinipa pole ya jino.

Alasiri wakafika kwetu. Mimi na mke wangu tulikuwa ndani, nyuma ya mlango, tumeshikana mikono. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele.

"Nyumba ya Mnzwani iko wapi?" kijana mmoja aliuliza kwa ukali.

Hasira ilikuwa imewapofusha. Mtu wa Ngazija mwenye akili timamu haulizi nyumba ya mwanamume. Nilimsikia mama mkwe akiweka ungo chini na kusimama.

"Mnzwani hana nyumba hapa," alisema. "Hajapata kuwa nayo. Hii ni nyumba yangu, na kabla yangu ilikuwa ya mama yangu. Anayetaka kuingia atangulie. Ila kwanza aniambie mama yake ni nani, nikamweleze mwanawe kaingia nyumba ya nani."

Hakuna aliyetangulia. Wanawake wa jirani walikuwa wameshatoka, kila mmoja kasimama mlangoni kwake. Mmoja wa vijana akacheka kicheko cha aibu, mwingine akasema twendeni, na wakarudi njia ya Moroni. Mimi niliketi sakafuni nikalia mbele ya mke wangu. Sikuona haya hata kidogo. Mama mkwe aliingia, akanitazama, akauliza kama nitakula wali au muhogo.

Safari za meli ziliporudi nilikwenda Mutsamudu. Mto ulikuwa pale pale na ngome pale pale. Nyumba ya mama yetu sasa ni ya dada yangu. Alinikumbatia, akanilisha mpaka nikashindwa kuinuka, kisha akaniuliza kwa upole narudi lini kwangu Ikoni. Zamani ningenuna. Siku ile nilimwambia meli ijayo, nikamwomba anichagulie shiromani moja zuri, lile vazi la wanawake wa kwetu, nimpelekee mama mkwe.

Alilivaa shiromani la Nzwani katikati ya Ikoni, bila kumuuliza mtu, mpaka likachakaa. Sasa amelala makaburini chini ya jabali, na nyumba ni ya mke wangu. Chumvi ya bahari huuchubua mlango upesi, nami huupaka rangi ya kijani kila unapochakaa. Jirani akipita husema vile vile, mlango wa Mama umependeza. Nami huweka brashi chini nikamjibu kwa sauti, kwa lafudhi yangu yote ya Mutsamudu:

"Wa Mama hasa!"