Kicheko cha Enid Ollerenshaw

Enid Ollerenshaw alijaliwa kicheko kikubwa kuliko chumba chochote. Kilianza kama mluzi mwembamba puani, kikashuka kifuani, halafu kikalipuka kama honi ya meli. Akiwa msichana pale Oldham alitolewa kanisani kwa sababu ya kicheko hicho, na sinemani pia. Alicheka kwa raha zake kiwandani tu, kwenye mashine za pamba, maana kelele zile zilimeza kila kitu. Kiwanda kilipofungwa akahamia jikoni kwenye shule moja, na huko akajifunza kucheka huku ameuma midomo. Marehemu mumewe hakuwahi kumkanya. Dada yake mkubwa, Winnie, alimkanya kwa niaba ya wote wawili.

Basi Winnie alipopata tiketi za kwenda Manchester kutazama kipindi cha runinga cha wachekeshaji Crabb na Tunstall kikirekodiwa, alitoa sharti kabla hawajapanda basi.

"Enid, nakuomba. Nchi nzima itasikia."

"Nitajibana."

"Ulisema hivyohivyo kwenye harusi ya Beryl."

"Kasisi alikosea jina la bwana harusi, Winnie! Mara mbili!"

"Mbona wengine hawakucheka?"

"Wale walikuwa wamekufa."

Crabb alikuwa yule wa maneno mengi. Tunstall yule wa kunyamaza na kukutazama tu. Jumamosi jioni mitaa ilikuwa mitupu, watu wote wako ndani wakiwatazama. Lakini mwaka huo magazeti yalianza kunong'ona kwamba wamechuja, na bahati mbaya mvua iliwanyeshea watazamaji wote nje kwenye foleni. Waliingia studio wamelowa chapachapa, wakaketi na makoti yao yakitoa mvuke, mikono wameikunja.

Kichekesho cha kwanza kilipita kimya. Cha pili vilevile. Enid aliliona jasho likipasua poda usoni mwa Crabb, na moyo ukamuuma. Uso ule aliujua. Aliuona kwa wanaume wa kiwandani siku walipoambiwa warudi nyumbani.

Cha tatu kilikuwa cha duka la samaki na chipsi. Crabb na Tunstall, waungwana wawili, wamefika mlangoni pamoja, na samaki amebaki mmoja.

"Tangulia, bwana."

"Hata kidogo, tangulia wewe."

Wakabembelezana hivyo mpaka mwenye duka akazima jiko, akapiga deki, akavaa koti, akasimama katikati yao akamla yule samaki mwenyewe. Tunstall akamvulia kofia kwa heshima zote.

"Chumvi imekolea?"

Enid alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Leso iliruka. Winnie akamkanyaga mguu, na hilo likazidisha mambo. Kicheko kikapanda mpaka kwenye mataa.

Tunstall akageuka, jambo ambalo halikuandikwa popote, akakinga macho kwa kiganja na kutafuta kwenye viti.

"Mama, hiyo meli yako inaondoka saa ngapi?"

Enid alitaka kuomba radhi. Kilichotoka ni kicheko cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Mzee mmoja nyuma yake akaanza, safu yake ikafuata, kisha ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Crabb alijilaza juu ya kaunta akifuta machozi. Vile vichekesho viwili vya mwanzo vikarudiwa, na watu walewale waliokaa kama magogo wakapiga miguu sakafuni.

Walipomaliza, msichana wa studio akaja akimuulizia mama wa kicheko. Enid alikuwa ameshavaa koti.

"Usinifukuze, mwanangu, naondoka mwenyewe."

"Nani akufukuze? Unaitwa kule nyuma."

Kule nyuma Crabb alimshika mikono yote miwili. "Wiki nzima tulidhani tumekwisha."

"Mimi nilishaulizia kazi ya kuuza mazulia," Tunstall akasema. "Wiki ijayo utakuja?"

Enid akamtazama dada yake. Winnie alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Atakuja," Winnie akasema. "Nitamleta mwenyewe. Na kiti kiwe cha mbele, huko nyuma kuna upepo."

Jumamosi kipindi kiliporushwa, Enid aliketi peke yake na kikombe cha chai mbele ya runinga. Samaki akaliwa, kofia ikavuliwa, na kicheko chake mwenyewe kikamtokea kutoka kwenye kile kisanduku. Akashtuka. Kisha, kupitia ukutani, akawasikia majirani wakiangua kicheko. Na nyumba iliyofuata. Na ng'ambo ya barabara, ambako mtu alikuwa akigonga meza.

Enid akainuka, akaongeza sauti.