Nyumba ya Nasambu Haiishii Mlangoni

Ni Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya kwenda kibarua cha kupanda mahindi, Brigid Nasambu ameinama nyuma ya nyumba za kupanga huko Kiplombe, Eldoret. Kwenye bakuli amechanganya mbegu za saga, mboga ya kienyeji, na majivu, ili mbegu hizo ndogo zisirundikane mahali pamoja.

Anachota kwa ncha za vidole na kumwaga. "Hii ya Nicanor. Hii ya Betty."

Hao ni watoto wake. Lakini haishii hapo; anawataja na majirani zake wapangaji.

"Hii ya Chebet, ananyonyesha. Hii ya Adongo, anatoka lindo asubuhi na njaa."

"Mama Nicanor, unapandia kijiji?" anauliza Mzee Gikonyo, mwenye ploti, akiwa amesimama langoni.

"Napandia nyumba, Mzee."

Ugomvi wao ni wa neno hilo. Nasambu alipohamia hapa baada ya kufiwa na mumewe, Gikonyo alimruhusu kupanda mboga "za nyumbani tu". Mzee alimaanisha mama na watoto wake wawili. Kwao Bungoma, anaeleza Nasambu, anayebisha hodi sufuria ikiwa jikoni ni wa nyumba, na mama hupanda akijua atakuja.

Sasa Gikonyo anaitaka nusu ya juu ya bustani ajenge chumba kingine cha mabati. Kwake, mboga inayozidi midomo mitatu inakalia ardhi bure.

"Kibarua kilipokosekana mwaka jana, Chebet ndiye alinilishia watoto," anasema Nasambu, sauti ikipanda. "Leo nimwambie yeye si wa nyumba? Siwezi. Hata nikifukuzwa."

"Na mimi umenipandia?" Mzee anamchokoza.

"Nikuwekee wapi?"

"Aa, saga ni chungu. Mimi ni mtu wa kunde."

"Basi kunde zako ni pale kwa ua."

Mzee anaacha utani. Jumatatu atakuja na fundi, anasema, na kuondoka.

Nasambu anasogea hadi nusu ya juu, ile inayotakiwa, na kuimwagia mbegu zote zilizobaki. Mvua imeanza kushika. Anatumaini kufikia Jumatatu zitakuwa zimechomoza.

"Aje," anasema, akifuta majivu kwenye leso. "Lakini akitaka kukanyaga, aniambie anaanza na ya nani."