Dada Halima na Tiketi Zenye Muhuri

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, dada yangu Halima alipoivua bangili yake ya fedha akaniwekea mkononi. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili wadogo, na ng'ombe wake wa pekee wa maziwa alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa mbung'o.

"Nenda mjini Garsen uiuze hii, uniletee dawa," aliniambia. "Usikawie, ndugu yangu."

Nilikawia. Bangili niliiuza upesi, lakini nje ya duka la dawa za mifugo palikuwa na mtu mwenye meza, akiuza tiketi za bahati nasibu. Nikamuuliza kama jambo lile halina kesi. Akacheka.

"Kesi gani? Hii ni ya serikali yenyewe. Tazama muhuri."

Nilikuwa kijana, na ule muhuri ulinitosha. Nikajiambia nikishinda nitamletea dada dawa na mtamba juu yake. Nilikwangua tiketi moja, nyingine, nyingine tena, hadi pesa zote zikaisha.

Nyumbani nikasema dawa imekosekana madukani. (Naona aibu kukwambia hili hata leo, lakini kwa umri huu nitamficha nani?) Halima aliniamini. Siku tatu alimchotea yule ng'ombe maji mtoni na kumkatia majani. Siku ya nne ng'ombe alianguka, hakuinuka. Watoto wa Halima wakawa wanalilia maziwa, nami niko papo hapo nawasikia.

Ndipo nikamwambia ukweli, na bado nikajitetea: "Dada, sheria haikunikataza."

Hakunipigia kelele. "Serikali ilikuruhusu," alisema. "Mimi je, nilikuruhusu?"

Alinisamehe, mwanangu. Lakini hakunituma tena kitu, hata chumvi, mpaka siku tuliyomzika.

Sasa jana umenisomea habari kwenye simu yako: sheria ya kamari imebadilishwa, kampuni zitakaguliwa upya, matangazo yatabanwa. Nimefurahi, sikatai. Ila ukaongeza, "Mzee, sasa iko sawa, tunacheza penye leseni." Hapo moyo uliniuma, maana niliisikia sauti yangu mwenyewe.

Sheria itambana mwenye kampuni asikudhulumu. Haimjui anayekusubiri nyumbani. Kabla hujabonyeza hiyo simu, jiulize pesa hiyo ilikuwa ya kazi gani, na nani alikuamini nayo. Na kama umeshapoteza, sema leo hii. Mwenye lile duka la dawa alikuwa Msomali aliyemjua baba yetu vizuri. Ningerudi kwake na kusema kweli, angenipa dawa kwa mkopo. Kamari ilichukua bangili tu. Ng'ombe nilimuua mimi, kwa kunyamaza.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe riziki ya halali, na akupe ujasiri wa kusema kweli mapema.